Barua ya wazi: Kazi ya kwanza ya mhitimu mtu mzima iandikwe, ilipwe na ihesabiwe

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote

YAH: WAHITIMU WATU WAZIMA WA VYUO VYA MAENDELEO YA WANANCHI

Waheshimiwa,

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitano baadaye, 1975, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliochukuliwa Skandinavia na kwa msaada wa Sweden. Kusudi lilikuwa wazi: mwananchi mwenye nyumba, shamba na watoto aje ajifunze fani, kisha arudi kijijini kwake akaifanyie kazi. Leo vyuo hivi ni 54. Vijana wanaotoka darasa la saba na kidato cha nne ndio wanaosemwa zaidi, na wanastahili kusemwa. Lakini madarasani wamo pia akina mama wa miaka 38 wanaojifunza ushonaji, na wanaume wa miaka 45 waliojenga nyumba za watu tangu ujana bila cheti chochote mkononi. Tunaandika kwa ajili ya hao, tukiwa walimu wa fani na mafundi wasimamizi.

Kijana asiye na mtegemezi akimaliza chuo anaweza kupanda basi, akalala kwa rafiki mjini, akafanya kazi ya saidia fundi mwaka mzima mpaka jina lake likajulikana. Mtu mzima hawezi. Ana shamba linalomsubiri palizi, ana ada ya mtoto, pengine ana mzazi wa kumuuguza. Ufundi wake utakua palepale alipo, au hautakua kabisa. Na palepale alipo, mteja mkubwa anayelipa fedha taslimu mwaka mzima ni mmoja: Serikali. Ndiyo inayojenga madarasa, vyoo na zahanati, inayonunua madawati, inayosimamia visima. Jirani hulipa baada ya mavuno, tena kwa mafungu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kazi za umma zinazofanyika kijijini ziwe ngazi ya kwanza ya mhitimu mtu mzima. Apewe sehemu anayoiweza, alipwe, na kila alichofanya kiandikwe katika namna itakayokubalika anapoomba kazi ya pili. Fedha za kufanya hivyo tayari zimo katika mifumo yenu. Zinakwama njiani, na tutaeleza zinakwamia wapi.

Tuanze na mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Ni mikopo mizuri. Kasoro yake kwa fundi mtu mzima ni tatu. Mwanaume aliyepita umri wa ujana na asiye na ulemavu hana fungu lake popote. Pili, mkopo hutegemea kikundi, wakati karakana ya kijiji ni ya mtu mmoja au wawili. Hapo ndipo mshonaji, mwashi, mfuga kuku na muuza mkaa wanapoungana kwa jina tu ili wafikishe idadi, wanagawana fedha siku ileile, na kikundi kinakufa kabla ya rejesho la tatu. Kosa hapo ni la muundo, maana watu hao hawana kazi inayowaunganisha, wala chombo wanachokitumia pamoja. Tatu, ratiba ya rejesho la kila mwezi haifuati mfuko wa kijiji. Fundi anayejenga Oktoba analipwa baada ya mavuno. Mkopo wake uanze kurejeshwa baada ya mavuno ya kwanza, kisha kwa mafungu makubwa machache badala ya madogo mengi.

Halafu kuna zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Fundi wa miaka 45 hapa si kijana wala mzee. Hata mama mwenye kikundi halali anatakiwa kujisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao, awe na namba ya mlipa kodi, akaunti ya benki ya kikundi, katiba ya kikundi na barua pepe inayosomwa. Tangazo likitoka, siku za kujibu ni chache. Simu ya kitochi haiwezi kazi hiyo. Chuo kina kompyuta, kina intaneti, kina mwalimu wa ujasiriamali, kinawajua wahitimu kwa majina na kwa kiwango cha kazi zao. Kipewe rasmi, kwa barua kutoka kwenu, jukumu la kusajili vikundi vya wahitimu na kuvisaidia kuandaa zabuni kwa miaka miwili ya kwanza, kikishirikiana na ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Bila barua hiyo mkuu wa chuo hathubutu, na hatumlaumu, kwa sababu hana kifungu cha bajeti wala agizo.

Ukubwa wa zabuni nao ni kikwazo. Tuchukue madawati, kwa kuwa ni kazi ambayo kila halmashauri inaifanya na mhitimu wa useremala au uchomeleaji anaiweza. Halmashauri inapotangaza madawati 600 kwa mkupuo mmoja, yaletwe ndani ya wiki tatu, imekwisha kuwafungia mlango mafundi wa wilaya yake. Karakana ya watu watatu yenye randa moja na mashine moja ya kuchomelea haifiki hapo. Atashinda mzabuni wa mbali, ataleta kwa lori, na baada ya mvua moja na kiangazi kimoja madawati yanaanza kucheza. Sababu zake zinajulikana. Ubao wa paini uliopasuliwa juzi bado una maji. Ukirandwa na kufungwa mbichi, unasinyaa ukikauka, matundu ya bolti yanalegea, viti vinapinda na kupasuka kwenye ncha. Ubao wa unene wa sentimita 3 uliopangwa kivulini, kila tabaka likitenganishwa na vijiti vya kupitisha hewa, unahitaji miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuguswa na randa. Muda wa wiki tatu unamlazimisha mzabuni, awe mwaminifu namna gani, kutumia mbao mbichi. Upande wa chuma, skwea paipu nyembamba ya milimita 1 hutobolewa na moto wa kuchomelea, hivyo fundi anagusa kidogo tu kwenye kona badala ya kuzungusha mshono wote, na kona hiyo ndiyo inayoachia watoto wanne wakikalia dawati la watu watatu. Milimita 1.5, rodi ya milimita 2.5, mshono kuzunguka pande zote nne, rangi ya kuzuia kutu ikipakwa kabla ya rangi ya mwisho: hayo yaandikwe kwenye mchoro wa zabuni na yakaguliwe dawati la kwanza likiwa bado halijapakwa rangi. Rangi huficha mengi.

Zabuni hiyohiyo ya madawati 600 ikigawanywa kwa kata, madawati 40 kwa karakana, kwa awamu mbili zenye miezi mitatu katikati, wahitimu wanaiweza. Malipo ya awali yatolewe kwa vifaa, si fedha mkononi: halmashauri inunue mbao na chuma kwa jumla, fundi asaini kupokea, alipwe ufundi kwa kila dawati lililopita ukaguzi. Dawati likilegea mwaka ujao, aliyelitengeneza anaishi umbali wa kutembea kwa miguu, na mtoto wake amelikalia. Udhamini wa namna hiyo hauandikiki kwenye mkataba wowote.

Ujenzi una mlango uliokwisha kufunguka. Kwa utaratibu wa mafundi wa ndani, ule wa fosi akaunti, shule inanunua vifaa na kulipa ufundi pembeni, ikisimamiwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kwa shilingi milioni 20 kila moja, yalijengwa hivyo. Mhitimu wetu anaweza kuingia hapo, ila mara nyingi anaingia kama kibarua wa kuchanganya zege chini ya fundi aliyefahamiana na kamati. Tunapendekeza mkataba wa ufundi useme kwamba angalau fundi mmoja kwenye eneo la kazi awe na cheti cha uashi, na apewe sehemu inayojulikana kuwa yake: ukuta huu, au lenta, au plasta ya chumba hiki. Malipo yafuate hatua, msingi, lenta, kupaua, umaliziaji, na kamati isilipe hatua ambayo haijafika. Vifaa navyo visichelewe. Fundi akikaa siku nne bila saruji anaondoka kwenda kazi nyingine, anarudi wakati fedha ya hatua hiyo imebaki kidogo, anaharakisha, na cha kwanza kuachwa ni kumwagilia maji. Zege la lenta lililoachwa likauke kwa jua siku ya pili halifikii nguvu yake. Linahitaji kulowanishwa siku 7 mfululizo. Kazi hiyo haina gharama, inahitaji mtu anayekaa karibu. Mhitimu wa kijijini ndiye mtu huyo.

Sasa tufike kwenye jambo tunaloliona kuwa kiini cha barua hii, yaani daftari la kazi.

Mtu mzima akirudi kijijini na fani, kijiji kinamdai. Choo cha shule kimebomoka, meza ya ofisi ya mtendaji imevunjika mguu, pazia la zahanati limechanika. Ataitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, na ataambiwa wewe ni wa kwetu. Wengi huitikia kwa moyo safi. Lakini kila siku anayojitolea, msumeno unaisha makali na shamba lake halipaliliwi, na jioni hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alifanya lolote. Miaka mitatu ya huduma ya namna hiyo inamwacha na sifa njema kwa majirani na mikono mitupu mbele ya kamati ya zabuni, inayomwuliza: una uzoefu gani?

Daftari la kazi linatibu hilo kwa gharama ya daftari. Tunapendekeza lichapwe na chuo, kurasa zikiwa na namba, kila mhitimu akabidhiwe pamoja na cheti. Kila kazi ichukue ukurasa mmoja: tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali, vipimo, kwa mfano mita za mraba za plasta au idadi ya sare zilizoshonwa na saizi zake, vifaa vilivyotumika na nani alivinunua, kasoro iliyojitokeza na ilivyorekebishwa, kama ni kazi ya malipo au ya kujitolea. Chini isainiwe na mtu aliyeipokea, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi au mtendaji wa kijiji, pamoja na muhuri. Picha mbili za simu, moja ya katikati ya kazi na moja ya mwisho, zitumwe chuoni zihifadhiwe kwa namba ya ukurasa. Ile ya katikati ndiyo yenye thamani zaidi, kwa kuwa mkaguzi anataka kuona nondo kabla ya zege kumwagwa, na mshono wa ndani kabla ya bitana.

Sehemu ya kasoro itaogopwa mwanzoni. Mafundi wataiacha wazi wakidhani inawaumbua. Walimu waisisitize. Fundi aliyeandika kwamba plasta ilipasuka kwa sababu mchanga ulikuwa na udongo mwingi, akaikwangua na kuipiga upya kwa mchanga uliooshwa, ameonyesha ujuzi kuliko aliyeandika kazi imekwisha salama kurasa ishirini.

Kujitolea nako kuwekewe mpaka. Kwa maoni yetu, siku 12 kwa mwaka zinatosha kwa mhitimu wa mwaka wa kwanza, kwa masharti mawili: vifaa vyote vitolewe na kijiji au shule, na kila siku iandikwe daftarini. Zaidi ya hapo ni ajira, na ajira hulipwa. Wenyeviti wa vijiji wapewe maelekezo hayo kwa maandishi ili fundi asilazimike kukataa yeye mwenyewe mbele ya mkutano.

Daftari hili liwe na nguvu sehemu tatu. Kwenye tathmini ya zabuni ndogo za halmashauri, kurasa zilizosainiwa zihesabiwe kuwa uzoefu. Kwenye mikopo, liwe ushahidi kwamba mwombaji anafanya kazi kweli. Na VETA ilipokee katika utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huo tunauheshimu sana. Umewapa vyeti mafundi waliojifunzia gereji na kwenye majengo ya watu. Tunachoomba ni kwamba mhitimu wa kozi fupi ya chuo chetu, ambaye hakusoma ngazi za VETA, aweze kupimwa kwa daftari, kwa kazi ya vitendo na kwa mahojiano ya mdomo ya Kiswahili, kisha asome mapengo yake tu badala ya kurudia kozi nzima. Mwashi wa miaka 45 anayejua kusimamisha kona kwa timazi hana sababu ya kukaa miezi miwili akifundishwa timazi. Pengo lake mara nyingi ni kusoma ramani na kukadiria vifaa. Afundishwe hayo.

Maji ni eneo lingine ambalo huduma na ajira zinakutana, ingawa hapa tutasema machache. Tangu RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianze 2019, miradi ya vijijini iko chini ya vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na kila chombo kinahitaji fundi. Pampu ya mkono ya Afridev, kwa mfano, imeundwa ifunguliwe kijijini. Fimbo na plunja, yaani pistoni inayovuta maji, hutolewa juu bila kung'oa bomba, kwa spana moja, na watu wawili au watatu wanaweza kumaliza asubuhi moja. Mtumiaji akipampu muda mrefu asubuhi kabla ya maji kutoka, valvu ya chini inavujisha na maji yameshuka usiku. Ikiwa maji yanatoka kidogo kwa kila mkono hata mchana, sili ya plunja imelika. Vipuri vyake ni vidogo na si ghali. Pampu inakaa miezi bila kufanya kazi kwa sababu vipuri viko makao makuu ya wilaya na hakuna mtu mwenye mkataba wa kuvifuata. Chombo cha maji kimlipe mhitimu wa fani ya bomba posho ndogo ya kila mwezi, kwa sharti la kukagua kila pampu mara moja kwa mwezi, na kimkabidhi kisanduku chenye sili, bobini, pete za mpira na bushi za mkono wa pampu. Kisanduku kikaguliwe kila robo mwaka.

Kwa wahitimu wa umeme wa majumbani tatizo ni leseni. Umeme wa vijijini umefika kwa gharama ya kuunganishwa ya shilingi 27,000, na nyumba nyingi zinasubiri kufungwa nyaya. Ufungaji unatakiwa kuthibitishwa na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mhitimu asiye nayo anafunga nyaya, kisha mwenye nyumba anatafuta saini ya mtu ambaye hakuiona nyumba. Hiyo ni hatari kwa maisha, hasa pale ambapo waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haujapimwa. Maombi ya leseni yajazwe chuoni kabla ya mahafali, nakala za vyeti zikiwa bado mezani, na maofisa wa EWURA waalikwe chuoni mara moja kwa mwaka.

Vitendea kazi visigawiwe kwa usawa wa fedha, kwa kuwa fani hazilingani. Mwashi anaanza na mwiko, timazi, pima maji, futi kamba, skwea na nyundo, vyote vikiingia kwenye mfuko mmoja. Mshonaji anahitaji cherehani, pasi na mkasi mzuri. Overloki inaweza kuwa ya watu watano. Mchomeleaji anahitaji mashine, grinda, ngao ya uso, glavu, na umeme unaobeba mzigo, au jenereta ya kVA 5 na kuendelea. Ukimpa mchomeleaji kiasi ulichompa mwashi atanunua mashine dhaifu inayoungua mwezi wa pili. Vifaa vizito vikae kwenye karakana ya kata, vikodishwe kwa saa kwa wahitimu wenye daftari, na fedha ya kukodi irudi kwenye matengenezo. Karakana isiyo na fungu la matengenezo hufa kwa kukosa brashi za kaboni za grinda.

Mwisho, ufuatiliaji. Chuo kimpigie mhitimu mwezi wa 3, wa 12 na wa 24. Namba za simu hubadilika, kwa hiyo siku ya mahafali zichukuliwe namba mbili za ndugu na jina la kitongoji. Maswali manne yanatosha: unafanya fani yako siku ngapi kwa wiki, umeandika kurasa ngapi, nani amekulipa, nini kimekukwamisha. Majibu yaende kwa mkurugenzi wa halmashauri kila Septemba, kwa sababu maandalizi ya bajeti huanza muda si mrefu baada ya hapo.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Tunaomba kabla ya mabaraza ya madiwani kupitisha mipango, kila halmashauri yenye chuo ndani ya eneo lake iweke mistari mitatu: uchapaji wa madaftari, karakana moja ya kata ya majaribio, na mgawanyo wa zabuni ya madawati kwa kata. Mfano wa ukurasa wa daftari na mchoro wa dawati wenye vipimo tutauandaa sisi na kuukabidhi kwa ofisi yoyote itakayouomba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa fani na mafundi wasimamizi,
Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi